Riviu: chumba cha mazoezi cha Mwalimu hapa Kisumu, na vile kilinipokea mimi mhafidhina

Hii riviu imekaa kwa simu yangu karibu miezi minne, naandika nafuta, lakini juzi binti mmoja wa kikundi cha Kakamega aliniuliza, madam, unajua mahali mtu anaweza kusoma skripti yake bila kuulizwa kwanza yeye ni wa upande gani? Nikaona wacha niimalize. Nimeiandikia yeye na wengine wenye wako hapo alipo.

Mahali penyewe ni chumba cha mazoezi na cha kusomea skripti, upande wa Kibuye, ghorofa ya kwanza, chini yake kuna posho mill na fundi viatu. Hakina bango. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa fasihi na ameniomba nisiweke jina lake wala namba yake mtandaoni, nimekubali, sisi wote tunamwita Mwalimu na chumba tunakiita juu, yaani "tupatane juu saa tisa". Ukifika kwa fundi viatu muulize juu ni wapi, atakuonyesha ngazi.

Bei kwanza maana najua ndio mnatafuta. Mchana ni mia tatu kwa saa, kuanzia saa kumi na moja jioni ni mia nne, unalipa na M-Pesa kabla hujaanza halafu anakuandikia risiti kwa mkono. Watu kumi na tano wanaweza kuzunguka mle ndani bila kugongana, sakafu ni ya mbao na ameilainisha vizuri, nimecheza miguu mitupu na hakuna kitu ilinidunga. Kuna kioo kirefu kimepasuka kona moja, na taa mbili za steji amezifunga kwa bomba la maji lililopakwa rangi nyeusi. Kikundi chetu ni watu tisa, kazi yetu kubwa ni seti buku, tunazunguka mashule za Vihiga, Kakamega, Siaya mpaka Busia tukiwaigizia wanafunzi vitabu vya mtihani, kwa hivyo kabla ya muhula wa pili lazima tupate mahali pa mazoezi wiki tatu mfululizo, na kwa hiyo bei sijapata kwingine mjini. Kama ningekuwa naandika juu ya bei na sakafu peke yake ningetoa nyota tano niende zangu.

Lakini kilichonifanya niandike ni Jumatano.

Jumatano jioni ni siku ya kusoma skripti. Unalipa elfu moja mia tano, Mwalimu anakutafutia waigizaji watano wa kuisoma kwa sauti, pesa hiyo inagawanywa kwao na kwa chai na mandazi, na mtu yeyote anaweza kuja kusikiliza bure. Mara nyingi huwa watu kama ishirini. Skripti haiandikwi jina la mwandishi. Ikishasomwa anatoa saa ya ukutani, anaiweka mezani mbele ya kila mtu, na kwa nusu saa watu wanazungumza juu ya kile kilitokea kwa steji tu. Nani alitaka nini, nani alidanganya, ni wapi ulichoka, ni wapi ulishtuka. Mwandishi ananyamaza kabisa, na hairuhusiwi mtu kuuliza mwandishi anaamini nini. Nusu saa ikiisha ndio mlango unafunguliwa, uliza chochote, na mwandishi akitaka atajibu.

Sasa wacha niseme kwa nini hiyo nusu saa ni kitu kikubwa kwangu.

Mimi ni mhafidhina. Nimelelewa kanisa la Friends, yaani Quaker, nyumbani ni Vihiga, si mbali na Kaimosi penye wamishonari wa Friends walifika 1902. Kura yangu ya kwanza maishani ilikuwa ya katiba, tarehe 4 Agosti 2010, na nilipiga La, ile rangi nyekundu, kwa sababu ya vile kifungu cha 26 kimeacha nafasi ya kutoa mimba. Tulishindwa, hatukufika hata theluthi moja, nikakubali, na sa hii hiyo ndiyo katiba yangu na naitetea. Naamini ndoa ni ya mume na mke vile kifungu cha 45 kinasema. Naamini wazee walijua vitu ambavyo tunavitupa haraka sana, kwamba shamba la boma halifai kuuzwa kwa sababu ya deni la kijana mmoja, na kwamba serikali isiwe inatia mkono kwa kila sufuria. Hapa kwetu hakuna chama cha wahafidhina eti utaonekana na kadi, vyama vyetu ni vya watu na majina yao, kwa hivyo inajulikana siku jambo limetokea na wewe umefungua mdomo.

Na kwa wasanii ukifungua mdomo hivyo chumba kinanyamaza. Naelewa imetoka wapi, sijifanyi sielewi. Sanaa ya jukwaa ya nchi hii iliumizwa ikisimama upande wa wanyonge, kijijini Kamirithu 1977 ni wakulima na wafanyakazi waliigiza mchezo wa mwandishi Ngugi wa Thiong'o, leseni ikafutwa, na tarehe 31 Desemba mwaka huo huo Ngugi akakamatwa akawekwa kizuizini bila kesi. Mtu aliyekulia kwa hiyo hadithi akisikia neno "mhafidhina" anaona mtu wa serikali mwenye rungu. Hiyo historia naiheshimu kabisa, nimeifundisha vijana wa kikundi changu, na bado mimi si huyo mtu mwenye rungu.

Mwaka juzi kituo kimoja cha sanaa, sitakitaja na si cha Kisumu, kilichukua mchezo wangu. Ni hadithi ya msichana wa form three anarudi nyumbani kwa nyanyake akiwa na mimba, shangazi anakuja kutoka mjini na pesa kwa bahasha ya "kuimaliza hii kitu", na nyanya anasema mtoto atazaliwa kwa hii nyumba. Waliusifu, waliniambia wana tarehe, nikanunua nguo za waigizaji elfu sita ya mfuko wangu. Siku tatu kabla tuanze, kwa mkutano, mtu wa kamati akaniuliza, lakini wewe mwenyewe unaamini nini? Nikamwambia, sikuzunguka. Usiku wa siku hiyo nikaletewa ujumbe kwamba mwelekeo wetu haulingani, na kabla nimalize kuusoma nilikuwa nimetolewa kwa grupu ya WhatsApp. Hakuna mtu hata mmoja aliniambia ni mstari upi mbaya, ni onyesho gani limelala. Ningeambiwa mchezo ni mbovu ningelia halafu nirudi kuandika, lakini hapo hata sikuachiwa kitu cha kurekebisha.

Nikaupeleka kanisani. Kamati ya huko ikasoma ikasema mjomba mlevi na chang'aa yake hawezi kusimama ndani ya ukumbi wa kanisa, labda kama ataokoka onyesho la mwisho. Kwa wasanii nimeambiwa nimeandika mahubiri, kwa kanisa nimeambiwa nimeandika uchafu, na skripti ni ile ile, kurasa arobaini na nne. Kwa wiki kadhaa sikuandika chochote, nilikuwa naamka naenda shule na kikundi, naigiza vitabu vya watu wengine, narudi nyumbani nalala.

Ni fundi viatu wa pale chini aliniambia juu kuna mzee huwa anasoma skripti. Nilimwachia Mwalimu nakala Ijumaa, Jumatatu akanirudishia. Alikuwa ameandika pembeni na penseli, maandishi madogo ya mwalimu wa zamani, na nilitafuta ni wapi amenikashifu sikuona. Ukurasa wa 12 aliandika: "Shangazi huyu ana njaa gani?" Ukurasa wa 31: "Huyu nyanya hajawahi kukosea hata siku moja?" Ukurasa wa 40 mjomba mlevi anapoongea aliweka tu alama ya vema mara mbili. Basi.

Niliudhika na ya ukurasa wa 31, sidanganyi. Nilijiambia huyu naye ni wale wale, anataka nyanya wangu aonekane mjinga. Nilienda Jumatano nikiwa nimejiandaa kupigana.

Wakasoma. Saa ikawekwa mezani. Dada mmoja nesi, bado ana uniform ya kazi chini ya sweta, akasema yeye ameshindwa kuelewa kwa nini shangazi ametoka mjini mpaka kijijini na hajakula chochote, kwa nyumba ya Mluhya, na hakuna mtu amemlazimisha. Mwingine akasema pengine aliwahi kula hapo vibaya. Na mimi nimenyamaza kwa sababu ya ile sheria, nimeketi na mikono chini ya mapaja, na nikasikia kitu kinafunguka, kwa sababu ni kweli, shangazi alikulia kwa hiyo nyumba na mimi nilikuwa nimemwandika kama mgeni aliyeshuka na matatu akiwa na dhambi kwa bahasha.

Nilienda nikaandika upya onyesho la tatu. Sasa nyanya ameketi na uteo, anachambua mrenda, jani moja moja, na shangazi amesimama mlangoni akiongea juu ya hospitali na pesa na shule, na katikati ya maneno yake anakaa chini, anauchukua uteo kwa magoti ya mama yake bila kuombwa na anaanza kuchambua, na mikono yake inajua, anatupa vijiti upande wa kushoto mahali kuku wamezoea. Nyanya anaangalia hiyo mikono muda mrefu. Halafu ndio inatoka kwamba shangazi naye alifika kwa huo mlango na mimba mwaka 1989, na nyanya alimfukuza usiku sababu ya aibu ya kanisa, na ile mimba haikufika mwisho. Kwa hivyo nyanya akisema mtoto huyu atazaliwa hapa, anasema akijua yeye mwenyewe alifanya nini.

Imani yangu haijasonga hata inchi moja. Ile ya kwanza ilikuwa mimi nimevaa leso ya nyanya naongea, hii ya sasa ni mchezo, na mtu ambaye hakubaliani na mimi kabisa anaweza kuketi mbele yake saa nzima. Huyo nesi aliniambia mlangoni kwamba yeye angempeleka yule msichana hospitali, na kwamba amelia kwa ajili ya nyanya. Nilimshukuru na nilimaanisha.

Sasa Mwalimu mwenyewe. Siasa yake ni ya mrengo wa kushoto wazi wazi, hafichi, tukibishana juu ya ushuru na mashamba tunaweza kumaliza chupa nzima ya chai. Alikuwa mwanafunzi Nairobi 1982, baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti chuo kikuu kikafungwa, akakaa nyumbani Seme zaidi ya mwaka akichunga ng'ombe na kungoja barua. Nilimuuliza kwa nini ananipatia nafasi. Akaniambia, "Nyara (yaani binti yangu), mimi na nyanya yako hatukubaliani. Lakini nilikaa nyumbani mwaka mzima kwa sababu kuna mtu aliogopa tunachofikiria. Siwezi kumfanyia mtoto wa mtu hivyo kwa chumba changu." Halafu akaniuliza kama nimeleta karatasi za kutosha za waigizaji.

Ana kabati la vitabu pale kwa kona, anaazima kwa daftari, wiki mbili. Ni yeye alinionyesha kwamba mshairi T. S. Eliot mwaka 1928 alitangaza mwenyewe kwamba kisiasa ni mtu wa mfalme na kidini ni mtu wa kanisa, na 1948 akapewa Nobel ya fasihi, na kwamba mwandishi wa riwaya Mario Vargas Llosa alianza akiunga mkono mapinduzi ya Cuba, akabadilika, 1990 akawania urais wa Peru kwa upande wa kulia akashindwa, na 2010 naye akapewa Nobel. Wa karibu zaidi ni Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda aliyekuja kufanya kazi hapa hapa Kisumu na akaandaa tamasha la sanaa 1968, na kazi yake maarufu, Wimbo wa Lawino, imesimama juu ya msemo wa Waacholi kwamba boga la boma la zamani haling'olewi. Mwalimu anasema Okot si wa upande wangu, mimi nasema lile boga ni langu, hapo hatujamaliza. Lakini ni mzee wa mrengo wa kushoto ndiye alinipatia wazee wangu, na hicho kitu mimi sitakisahau.

Niseme juu ya Aprili 2025 kwa sababu hapo ndio nilipima hiki chumba kweli. Mnakumbuka ya shule ya Butere Girls. Mchezo wao, ulioandikwa na aliyekuwa seneta wa Kakamega, ulitaka kuzuiwa kwa tamasha la kitaifa la drama, Mahakama Kuu ikaamuru waruhusiwe, na tarehe 10 Aprili kule Kirobon Girls, Nakuru, wale wasichana wakaingia ukumbini, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza, na nje polisi walikuwa wanarusha vitoa machozi. Jumatano iliyofuata juu kulikuwa kumejaa, watu wamesimama mpaka kwa ngazi, na nilipoingia niliona macho. Walidhani mimi, mtu wa utaratibu na wazee, nitasema hao watoto walifaa kunyamazishwa.

Nilisema vile naona. Kwamba mzazi ana haki ya kujua mtoto wake anaigiza nini shuleni na hapo sirudi nyuma. Na kwamba korti ikishasema, imesema, mhafidhina asiyeheshimu amri ya korti anahifadhi nini? Kifungu cha 33 cha katiba kimetaja uhuru wa ubunifu wa kisanaa kwa jina, na huwezi kurusha moshi kwa uso wa watoto halafu uite hiyo maadili. Nilisema pia kwamba Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, ile ya 1962, imezeeka kuliko wengi wetu mle ndani na ni ile ile inaweza kutumiwa kesho dhidi ya mchezo wa kanisa. Kijana mmoja mwenye hajawahi kunisalimia alinisongezea kiti. Wengine hawakufurahi na ile ya wazazi, tukabishana mpaka Mwalimu akazima taa moja, ambayo ndiyo ishara yake ya kwenda nyumbani.

Ile mwaka huo huo pesa za misaada ya Marekani zilipokatwa nayo iliuma kwa njia nyingine. Vikundi vingi vya huku vimeishi miaka na michezo ya wafadhili, ya ukimwi, ya uzazi wa mpango, unaigiza sokoni unalipwa posho, na ghafla simu hazilii. Mtu aliniambia pale pale juu, nyinyi watu wa Trump mmefurahi sasa. Sikufurahi. Waigizaji wangu wawili walikuwa wanalipa nyumba na hiyo posho. Nimesema miaka mingi kwamba ukila kwa mfadhili utaandika mwisho wenye mfadhili anataka, na bado naamini hivyo, lakini kuona mwenzako anahama nyumba si ushindi wa hoja.

Sasa makosa, maana yapo. Mvua ikinyesha sahau mazoezi ya kuongea, mabati yanapiga kelele na Kisumu mvua inapenda ile saa kumi. Posho mill ikiwashwa mchana sakafu inatetemeka. Choo ni kimoja, kiko chini uani, na ufunguo uko kwa fundi viatu ambaye Jumapili hayuko. Mwalimu anaandika bukingi kwa daftari na mara mbili tumekutana na kikundi kingine mlangoni, wote tumelipa, na alitusuluhisha kwa kutupatia saa mbili za bure wiki iliyofuata ambayo haikusaidia siku hiyo. Stima ikipotea hakuna jenereta.

Na Jumatano yenyewe haiko safi kabisa. Ile ya kutoandika jina haifanyi kazi, huu mji ni mdogo, wakisoma kurasa mbili wanajua ni nani. Nusu saa ikiisha kuna watu wawili watatu ambao huja kwa ajili ya ile nusu ya pili tu, hawakusikiliza mchezo, wanakuja na hotuba. Mmoja aliniita jina ambalo sitaandika hapa, mbele ya vijana wangu. Mwalimu alimwambia aketi, lakini hakumtoa, na mimi ningetaka amtoe. Nilimwambia hivyo baadaye. Alisema akianza kutoa watu hajui atasimamia wapi. Naelewa jibu lake na bado naona alikosea, kuna tofauti ya kumpinga mtu na kumdhalilisha, na mtu mgeni kama yule binti wa Kakamega akipata hiyo siku yake ya kwanza hatarudi. Hapo ndio nimetoa nyota moja.

Kwa hivyo ni nne kati ya tano. Ukitaka Jumatano panga mapema, sa hii foleni ni kama wiki sita, na beba nakala saba, tano za wasomaji, moja ya Mwalimu na moja yako ya kuandika pembeni, penseli anayo. Mchezo wangu na shangazi wake mpya unasomwa tena Jumatano ya mwisho ya mwezi huu saa kumi na mbili jioni. Kuja na sweta, dirisha la upande wa ziwa halifungi.